Kiharusi Tabora: Hospitali hutibu, mtaa ndio humwinua mzee

Mzee akipata kiharusi au akivunjika nyonga mjini Tabora, kimbilio la kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Anatibiwa, anaruhusiwa, anarudi zake Isevya, Ipuli au Ng'ambo. Kazi kubwa inaanza hapo, na daktari hayupo.

Kwa nini nyumbani?

Baada ya kiharusi, ubongo hujifunza upya kuongoza mkono na mguu, na hujifunza kwa kurudia: kusimama, kukaa, kushika kikombe, mara nyingi kila siku. Misuli isiyotumika hunywea haraka. Anayelala bila kugeuzwa hupata vidonda.

Hata mtaalamu wa fiziotherapia akimwona mara moja kwa wiki, zinabaki siku sita. Kwa anayeishi mbali huko Sikonge au Uyui, nauli ikikosekana, hata hiyo moja haipo. Siku hizo zote ni za wajukuu, majirani na wenzake wa msikitini au kanisani.

Mtu mwenye pa kwenda huamka. Hatua 50 hadi kwenye bao chini ya mwembe ni mazoezi, na kuokota kete ni mazoezi ya vidole. Asiye na pa kwenda hukata tamaa, na aliyekata tamaa hafanyi mazoezi.

Mtani naye ni dawa

Karne ya 19, Tabora ilikuwa njiapanda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa makundi, na safari hizo zilikuza utani kati yao na makabila ya njiani hadi pwani, Wazaramo wakiwamo.

Mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemeka. Mtoto anaona aibu kumwambia baba yake "acha kudeka". Mtani anasema, mzee anacheka, anajaribu tena.

Wema unaodhuru

Tatizo ni pale upendo unapozidi. Mzee analishwa wakati mkono mmoja ni mzima, anabebwa wakati angeweza kujikongoja na mkongojo. Kila anachofanyiwa bila sababu, anapoteza uwezo wa kukifanya. Msaada mzuri ni kukaa karibu, kumshika asianguke, na kumwacha amalize mwenyewe hata akichelewa.

Ujirani ukigeuka hatari

Ukweli mchungu ni kwamba mtaa huohuo unaweza kuua. Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, Tabora ikiwamo, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni wa miaka mingi unatosha kuyaleta. Bibi anayenong'onwa hatoki nje, na asiyetoka hapati mazoezi wala mtu wa kumtetea.

Serikali iko wapi?

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu 2010. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Hawa ndio wanaofika mlangoni. Wakifundishwa mazoezi mepesi na namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani, pengo kati ya Kitete na kijijini litapungua.

Pesa nayo ni ishu. Zanzibar ilianza 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi. Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote ya namna hiyo, na nauli ya bajaji kwenda kliniki hutoka mfukoni mwa familia.

Mpaka hilo libadilike, majirani wanaweza kuanza na jambo dogo: kupita asubuhi kwa mzee aliyetoka hospitali na kutembea naye hadi barazani. Kesho wapite tena.