Umri wa mtoto ni ngao yake kituoni

MZAZI, mwanao akishikwa na polisi leo jioni, utathibitishaje kwamba ana miaka mingapi? Wengi wetu tutakimbilia kumtafuta mkubwa wa kutuombea, au tutaanza kuchangisha pesa. Ni wachache watakaokumbuka kubeba cheti cha kuzaliwa. Hapo ndipo mambo huharibika.

Tuchukue mfano wa mtaa wa Kiwanjani, mjini Isiolo, kule upande wa uwanja wa ndege. Tuseme betri ya pikipiki imeibwa usiku na vijana watatu wameshikwa. Mmoja ana miaka 13, lakini ni mrefu na sauti imeanza kuwa nzito. Akiulizwa umri wake, kwa woga au kwa kutaka kuonekana mwanamume, anajibu 18. Hayo ndiyo yanayoandikwa. Tangu hapo anachukuliwa kuwa mtu mzima. Atalala korokoroni na wakubwa, atasimamishwa mbele ya hakimu kama wao, na dhamana ikikosekana atapelekwa rumande ya gereza.

Lau umri wake wa kweli ungejulikana, mambo yangekuwa mengine kabisa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, inasema kwamba aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa mhalifu. Zamani mpaka huo ulikuwa miaka minane tu. Aliye chini ya miaka 14 naye huchukuliwa kuwa hajui kutenganisha jema na baya, mpaka upande wa mashtaka ulete ushahidi wa kuonyesha kwamba alijua. Kijana wetu wa miaka 13 yumo humo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inaongeza kwamba mtoto asifungiwe ila pale njia nyingine zote zimeshindikana. Akifungiwa, iwe ni kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Mzazi na afisa wa watoto wapaswa kuarifiwa, na mtoto afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita. Akikutwa na hatia, hakimu hawezi kumfunga jela. Anaweza kumweka chini ya uangalizi, kuagiza apewe ushauri nasaha, au kumpeleka katika shule ya kurekebisha tabia kama ile ya Wamumu, Kirinyaga.

Lakini ngao hizi zote zinaning'inia kwenye uzi mmoja, nao ni umri. Katika jamii za wafugaji watoto wengi huzaliwa nyumbani, mbali na hospitali, na familia huhama kufuata malisho. Ukimwuliza mama, atakwambia mtoto alizaliwa mwaka wa ukame fulani. Mama hasemi uongo, lakini karani wa korti anataka karatasi. Karatasi ikikosekana, daktari huangalia meno na mifupa na kukisia, na makisio yaweza kukosea kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa kijana wa miaka 17, mwaka mmoja ni tofauti ya shule na jela.

Basi wazazi, tufanye nini? Mtoto aandikishwe ndani ya miezi sita tangu kuzaliwa. Aliyepitwa na wakati aandikishwe sasa, kabla ya shida kuja. Wekeni pamoja cheti, kadi ya kliniki na barua ya shule yenye tarehe ya kuzaliwa, mahali ambapo hata bibi anapajua. Naye mtoto afundishwe kusema umri wake wa kweli. Wala asikubali kosa ili tu arudi nyumbani upesi. Kortini, asiye na wakili anastahili kupewa mmoja kwa gharama ya serikali.

Najua kule kaskazini wazee hupenda kumaliza mambo kwa maslaha. Sheria yenyewe ina njia inayofanana na hiyo. Kwa kosa dogo, mtoto anaweza kuomba radhi, kurudisha alichochukua au kufanya kazi ya kijamii bila kushtakiwa, mradi awe amekiri kwa hiari yake na maafisa wa serikali wahusishwe. Lakini mambo kama kunajisi si ya kumalizwa chini ya mti kwa kulipana mbuzi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006 kuhusu makosa ya ngono, wazee hawana uwezo wa kuifuta kesi hiyo.

Mwenye shida kuhusu mtoto apige simu nambari 116, bila malipo, au amwone afisa wa watoto aliye karibu. Cheti kikikaa sandukuni miaka kumi bila kuhitajika, mshukuru Mungu. Akiba haiozi.