Fasili Kando ya Neno: Kihispania katika Vitabu vya Watoto wa Marekani

Hapana ubishi tena kwamba watoto wa Marekani wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba na nchi jirani wana fasihi yao. Tangu Pura Belpré, mkutubi mzaliwa wa Puerto Rico, alipochapisha *Perez and Martina* mwaka 1932, hadi tuzo yenye jina lake ilipoasisiwa mwaka 1996, fasihi hiyo imekua na kujipatia wahakiki wake. Aghalabu wahakiki hao huuliza ni nani anayesawiriwa, na anasawiriwa vipi. Swali letu sisi wanaisimu ni jingine: neno la Kihispania linapoingia katika matini ya Kiingereza, linafasiliwa kwa ajili ya nani?

Ada iliyozoeleka ni kuliandika neno hilo kwa hati za mlazo, kisha kulifuatishia tafsiri papo hapo. Tuchukue *Esperanza Rising* ya Pam Muñoz Ryan (2000), riwaya nzuri kuhusu binti wa tajiri wa Aguascalientes anayejikuta kibarua wa mashambani California. Sura zake zina majina ya mazao, kwa Kihispania na kwa Kiingereza. Zabibu na vitunguu tunaweza kuvielewa. Lakini *Las Papayas* nayo imefasiliwa: *Papayas*! Hapa fasili haifafanui lolote. Imebaki kuwa adabu tupu, mfano wa mtu anayepiga hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Hasara kubwa zaidi ni ya kisemantiki. Katika Kihispania, kitenzi *esperar* hubeba kwa pamoja dhana ambazo Kiswahili huzigawa kati ya kutumaini na kungoja. Sandra Cisneros alilitambua hilo katika *The House on Mango Street* (1984). Msimulizi wake, Esperanza, anaona kwamba jina lake halina uzito uleule katika lugha zake mbili: kwa Kiingereza ni tumaini tu, ilhali kwa Kihispania limechanganyika na huzuni na kungoja. Mwandishi angeandika neno moja la Kiingereza kando ya jina hilo na kuendelea na safari, nusu ya msichana huyo ingepotea.

Huenda tukaambiwa kwamba wapo wasomaji wasiojua Kihispania. Ni kweli, na baadhi yao ni wajukuu wa wasemaji wa lugha hiyo hiyo. Mwaka 1998 wapigakura wa California walipitisha sheria iliyobana ufundishaji wa lugha mbili shuleni, na haikutenguliwa hadi mwaka 2016. Mtoto aliyepitia madarasa ya kipindi hicho anaweza kuwa na jina la Kihispania bila kuwa na lugha yenyewe. Huyo anastahili msaada. Hata hivyo, fasili si msaada usio na gharama. Sisi tumeonja kidogo jambo hili katika *Jambo Means Hello* ya Muriel Feelings (1974), kitabu cha alfabeti kilichokusudiwa, kwa nia njema kabisa, kuwarudishia watoto weusi wa Marekani sehemu ya urithi wao. Kila mwanafunzi wetu wa mofolojia anajua kwamba *jambo* ni nomino, na kwamba salamu yetu ni *hujambo*, yenye kikanushi ndani yake. Fasili imesimama jaladani, na sarufi imebaki nje.

Rai yetu ni kwamba fasili iachwe iwe chaguo la mwandishi, isiwe sharti la mhariri. Njia nyingine zipo. Children's Book Press ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilijijengea jina kwa vitabu vyenye matini mbili kamili, Kiingereza na Kihispania, pasipo mmoja kuwa mkalimani wa mwenzake katikati ya sentensi. Na katika *Too Many Tamales* ya Gary Soto (1993), María anakanda *masa* huku amevaa pete ya mama yake bila ruhusa. Pete inapotoweka, anawasihi binamu zake wazile *tamales* zote ili aitafute. Mtoto ambaye hajapata kulisikia neno *masa* atakuwa amelijua kufikia hapo, kwa kuwa limekandwa mbele ya macho yake. Na yule anayeinukia Krismasi kwa harufu yake ataendelea kusoma, akitaka kujua pete iko wapi.