Farasi katika duara la sarakasi
Uwanja wa duara wa sarakasi, wenye kipenyo cha mita 13 hivi, unatokana na maonyesho ya mpanda farasi Philip Astley, yaliyoanza London mwaka 1768. Duara hilo humsaidia mpandaji kusimama mgongoni mwa farasi bila kuanguka, lakini kuzunguka mahali padogo huelemea viungo vya miguu ya farasi. Madhara mabaya zaidi hutokea nje ya onyesho. Farasi aliye huru hula majani kwa saa 16 hivi kwa siku, na tumbo lake hutoa asidi mfululizo; akifungiwa kwenye lori au kibanda bila nyasi, anaweza kupata vidonda vya tumbo. Hata hivyo, sheria ya England ya 2019 inakataza wanyamapori tu katika sarakasi zinazosafiri, na haimhusu farasi. Bolivia ilipiga marufuku wanyama wote katika sarakasi mwaka 2009, na mfano huo unastahili kufuatwa.