Muuzaji mpya wa mtandaoni ajiwekee kikomo

Wafanyabiashara wa ndizi Mwika wanaotafuta wateja mtandaoni wasiharakishe. Soko la eBay la Marekani huwawekea wauzaji wapya kikomo cha mauzo hadi wajenge sifa. Kwenye makundi ya WhatsApp hakuna kikomo hicho. Muuzaji lazima ajiwekee mwenyewe.

Anayepakia mikungu 100 kwenda Dar es Salaam kwa mteja asiyemjua anahatarisha mtaji wote, kwani ndizi ikishaiva haisubiri deni. Ujumbe wa malipo nao hughushiwa. Athibitishe salio kwanza. Heri aanze na mikungu 10, fedha ikiingia aongeze.

Tena asitegemee soko moja: Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Faida ndogo ya leo ni bora kuliko hasara ya lori zima.