Bomba lililomtambua mgeni rasmi

Na Mchokonozi

Jumanne mtaani kwetu lilizinduliwa bomba. Nimesema lilizinduliwa, sijasema lina maji; tutafika huko. Palikuwa na turubai la bluu, ngoma, watoto wa shule waliopangwa juani tangu asubuhi, viti vya plastiki na mheshimiwa mmoja nisiyemtaja, maana mhariri wangu bado anasomesha.

Tukasimama kuimba wimbo wa taifa. Ukiusikiliza vizuri, mle tunawaombea viongozi baraka, kisha tunataja hekima, umoja na amani. Ukweli haumo. Nadhani waliotuachia maneno yale waliamini mwenye hekima hawezi kuwa mwongo. Tuwasamehe, hawakuwahi kuhudhuria uzinduzi mtaani kwetu.

Mheshimiwa akafungua koki. Maji hayo, tena kwa kishindo! Vigelegele. Akapigwa picha akinywa kwa kiganja, akapanda gari, msafara ukatimua vumbi. Vumbi halijatua, bomba likakohoa, likatema povu, likanyamaza. Jirani yangu, mtu asiyeiamini hata saa yake mwenyewe, akazunguka nyuma ya madarasa. Akakuta kijana anakunja mpira wa boza.

Boza lenyewe halikunikasirisha. Ni ufundi wa watu wadogo wanaolinda vibarua vyao. Na tusijitie usafi: nusu yetu tulilipita lile boza asubuhi tukienda kupiga makofi. Kilichonichefua ni ofisa mmoja niliyemuuliza kama mheshimiwa alijua. Akacheka, akanishika bega: "Mzee wangu, yule huwa hapendi kuuliza maswali."

Chai ya jioni ilinishinda. Kumbe tunaye mkubwa aliyejichagulia wa kumdanganya, akawapa vyeo, na posho ya safari juu yake! Siku mambo yakifichuka atapanda jukwaani na uso wa msiba, aseme aliletewa taarifa zisizo sahihi. Na sisi tutamwonea huruma. Mimi simo. Asiyeuliza maji yametoka wapi anajua yametoka wapi.

Mtanikumbusha kwamba sheria ya maadili ya viongozi wa umma ipo tangu 1995, na kwamba wakubwa hujaza fomu za mali na madeni yao kila mwaka. Najua. Fomu itamuuliza ana nyumba ngapi. Boza ni la kukodi, halina safu yake. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa kali zaidi: kiongozi hakuruhusiwa mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 chama tawala kikakaa Zanzibar, kikailegeza miiko ile, na tangu hapo, nasema mimi, aibu ikahama nchi.

Maana aibu ilikuwepo, tuliiona. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani watu walipoteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Lakini waliofanya unyama ule walikuwa chini ya wizara yake, na mwaka 1977 akajiuzulu. Hakuunda kamati ya kumtafuta dereva wa kubebeshwa lawama. Jirani yangu husema siku hizi waziri akijiuzulu ni lazima awe amesukumwa, na hapo namuunga mkono.

Miaka 8 baada ya kujiuzulu kule, yaani 1985, Mwinyi huyo huyo akaingia Ikulu. Waheshimiwa mnaong'ang'ania viti kwa kuogopa njaa, hesabu hiyo hata kwa vidole mnaimudu. Ila nawajua: mtatuma mtu awahesabie, na atawaletea jibu mnalolipenda.