Fulu wa Siaya ni chambo kwetu, huko ng'ambo ni johari

Mwambie mtu wa Kisumu kwamba kuna watu wanaofuga fulu sebuleni uone atakavyokucheka. Kwetu fulu ni samaki mdogo mwenye miiba mingi. Anakaushwa, au anatiwa kwenye ndoano kama chambo cha mbuta, basi. Lakini Ulaya na Marekani wapenzi wa samaki wa mapambo wanamjua mmoja kwa jina Christmas fulu, kwa sababu ya wekundu na ukijani wa dume. Ndiyo, neno la Kijaluo limevuka bahari! Makao yake leo ni Ziwa Kanyaboli, Siaya.

Je, thamani yake inatoka wapi? Si rangi pekee. Yule samaki wa manjano wa Ziwa Malawi anapendeza vilevile, ila anazalishwa kila mahali na bei yake ni ya kawaida tu. Mnunuzi makini hulipia ukoo na mahali. Tropheus wa Ziwa Tanganyika, kwa mfano, hubadilika rangi kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, na muuzaji asiyeweza kukutajia ufuo hana mali. Ukichanganya aina mbili kwenye tangi moja wakazaana, ukoo safi umeishia hapo.

Kwa fulu wetu, uadimu umeletwa na balaa. Mbuta alitiwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 fulu walikuwa wameporomoka. Kati ya spishi zaidi ya 500, takriban 200 zinaaminika kutoweka. Kanyaboli iliponea kwa sababu imezungukwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala. Maji ya humo yana oksijeni kidogo, na mbuta hayawezi.

Sasa, kabla hujakimbia Siaya na wavu, tulia. Hapa doo haziko kwenye kuvua. Jike hulea mayai mdomoni, kwa hivyo jozi chache zikishafika ng'ambo zinazaliana huko miaka nenda miaka rudi, na hakuna atakayerudi kununua kwako. Wasichoweza kuzalisha ni ziwa lenyewe. Nalo linategemea kinamasi ambacho wawekezaji wamekimezea mate muda mrefu. Wanaobishana kuhusu Yala huongea mpunga, miwa na ekari, fulu hatajwi sana. Vijana wa Siaya wakiitwa kwenye kikao kijacho cha kukusanya maoni ya umma, waanzie hapo: mafunjo yakifyekwa, nini kitamzuia mbuta?