Mazungumzo ya Jikoni: Samaki juu ya Makala



Katika Injili ya Yohane, sura ya 21, isomwayo Misani siku ya Ijumaa katika juma la Pasaka, twasikia jinsi Bwana mfufuka alivyowangoja mitume ufukoni, makala yamekwisha kuwaka, na samaki juu yake, na mkate kando. Tena aliwaagiza walete na wengine katika wale waliowavua wakati ule ule. Kila nisikiapo maneno hayo huwaza kwamba samaki wale hawakuwa na hata saa moja nje ya maji. Sisi wa Lubumbashi hatuna ziwa mlangoni. Samaki wetu husafiri kabla ya kutufikia, na kwa sababu hiyo kazi ya kuwachoma haianzii kwenye mbabula. Yaanzia sokoni, nayo yataka macho, pua na kidole.

Tangu zamani mji huu hulishwa na Kasenga, mwendo wa kilometa mia mbili na zaidi. Kabla ya uhuru wa mwaka 1960, wachuuzi Wagiriki walikaa pale ukingoni mwa Luapula, wakinunua samaki, wakiwapanga katika barafu na kuwaleta kwa malori hata Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa siku zile, ili wafanyakazi wa migodi wapate kitoweo. Wazee walisimulia habari za mpumbu, samaki aliyepanda mto kwa makundi makubwa wakati wa mvua ili atage. Alitegewa nyavu katika safari hiyo hiyo, tumbo limejaa mayai, hata ilipofika mwaka 1950 hivi uvuvi wake ulikuwa umekwisha. Siku hizi, upande wa Zambia, uvuvi wa Luapula na wa ziwa Mweru hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaa. Mama anayenung'unika kwamba samaki mbichi wameadimika wakati huo na amkumbuke mpumbu.

Basi umesimama mbele ya meza ya samaki. Usitazame ukubwa kwanza. Tazama jicho: liwe angavu na limetokeza nje, si jeupe kama maziwa wala si la kudidimia. Fungua shavu uone matamvua, yawe mekundu. Yakiwa ya rangi ya udongo, rudisha samaki mahali pake. Bonyeza nyama kwa kidole. Ikiinuka mara moja, ni njema, bali shimo likibaki, samaki huyo amekaa sana. Tumbo liwe gumu na magamba yashike. Muuzaji mwema hakasiriki ukifanya hivyo. Akasirikaye amekwisha kukujibu.

Lakini wengi wetu, tuseme kweli, hatununui samaki wa Mweru kila juma, kwa maana bei yake ni kubwa. Twanunua Thomson, samaki wa bahari, anayevuliwa mbali huko Namibia na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa akiwa mgumu kama jiwe kwa ubaridi. Sidharau chakula hiki. Kimelisha nyumba nyingi, tena mafuta yake hukifanya kifae sana kwa moto. Ila yako mambo mawili ya kujua.

La kwanza, samaki aliyeyeyuka, kisha akagandishwa tena, hana thamani ya yule wa kwanza. Katika mji ambamo umeme hukatika mara kwa mara jambo hilo hutokea bila mtu kulitaka. Utamtambua: mwili umepindika na kubanwa na wenziwe, na chini ya sanduku pana barafu yenye rangi ya damu.

La pili ni zito zaidi. Thomson akikaa katika joto, ndani ya nyama yake hutokea sumu ambayo moto hauwezi kuiondoa. Huwezi kuiona, na pengine hata pua haitaitambua. Mwaka mmoja nilinunua samaki jioni ya Jumamosi, kwa bei nafuu mno, kwa mtu aliyekuwa akifunga meza. Nikawachoma vizuri sana, hata jirani wakasifu harufu. Kabla ya sala ya usiku watoto wawili walikuwa wekundu usoni, wanajikuna mwili mzima na kulia kwamba kichwa chauma. Nilidhani wamerogwa na upupu! Mganga wa zahanati aliuliza neno moja tu: "Samaki alikaa wapi mchana?" Asubuhi walikuwa wazima. Tangu siku ile nanunua asubuhi, nafika nyumbani moja kwa moja, tena sisimami njiani kwa mazungumzo na samaki kikapuni.

Juu ya mboga. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima mboga za majani zinazouzwa katika masoko yetu, wakakuta ndani yake madini kama shaba, kobalti na risasi. Si ajabu, maana shaba imeyeyushwa katika mji huu tangu mwaka 1911. Kuosha majani kwa maji mengi huondoa vumbi, bali hakuondoi kilichopanda kwa mizizi. Basi uliza bustani iko wapi na hunyweshwa kwa maji gani. Kwa bahati njema mboga zifaazo kuchomwa ni zile za matunda: nyanya, bilinganya, pilipili, boga, mahindi mabichi. Kwa kawaida hizo hukusanya madini machache kuliko majani kama lengalenga. Kitunguu kichome na ganda lake. Utashangaa utamu wake.

Sasa moto. Makosa makubwa ya wapishi wetu ni haraka. Wanamweka samaki juu ya ndimi za moto, nje akawa mweusi na mfupani damu bado. Ngoja makala yavae jivu jeupe. Usiwashe kwa mfuko wa plastiki, moshi wake ni mbaya kifuani na katika chakula. Mpasue samaki mistari mitatu kila ubavu, mpake chumvi, limau na mafuta kidogo, kisha umkaushe. Maji ndiyo yanayomfanya ashikamane na chuma. Pasha chuma kwanza. Ukimlaza, mwache. Ngozi ikiwa tayari itajiachia yenyewe, ndipo umgeuze, mara moja tu. Dakika kumi kila upande hutosha kwa samaki wa nusu kilo. Nyama ikiachana na uti wa mgongo, ameiva. Na katika baridi ya Juni na Julai, mbabula isiingizwe chumbani kuota moto baada ya kupika. Watu wamekufa usingizini kwa hewa yake.

Limebaki neno moja, na akina baba wataniwia radhi. Samaki akipikwa katika mchuzi, mtoto hupewa mchuzi na bukari, akanyamaza. Akichomwa, hakuna mchuzi. Analala mzima katikati ya sahani, na kila mtoto aona wazi mkono wa nani umechukua mgongo na wa nani umebakiziwa mkia. Mimi hununua wadogo wawili badala ya mmoja mkubwa, nao huiva upesi na makala hupungua, jambo lisilo dogo kwa bei ya gunia sasa ambapo misitu ya karibu imekwisha kukatwa. Aliye na miaka miwili hawezi kujitolea miiba. Namtolea nyama yake kwanza, samaki angali moto, kabla wakubwa hawajaketi. Baba wa nyumba yetu alishangaa siku ya kwanza. Siku ya pili alisogeza sahani mwenyewe.

Wengine wameniandikia kuuliza kama samaki wa kuchoma hufaa Ijumaa za Kwaresima. Hufaa, ijapokuwa mwenye limau, pilipili na bilinganya ya moto asijisifu sana kwamba amejinyima.

Vichwa na mifupa yenye nyama usivitupe. Virudishe juu ya makala yanayofifia hata vikauke kabisa, uvifunike pasipoingia nzi, na kesho asubuhi, si kesho jioni, uvitie katika sombe.